Chama cha Tanga: Tuingie, Tusinune Pwani

Kila yanapokwisha mashindano ya mashua hapa Lamu, yawe ya siku za Maulidi au ya tamasha la utamaduni, mazungumzo ya barazani hurudi kwenye swali lile lile. Nchi hii ina chama chake cha taifa cha michezo ya tanga, Kenya Yachting Association, nacho ndicho kinachotambuliwa na shirika la dunia la mchezo huo. Mbona sisi hatumo? Na kila mara jawabu huwa ni moja: bahari ni yetu, tanga ni letu, na upepo ni wa Mungu, chama ni cha nini? Jawabu hilo ni tamu masikioni. Lina mizani, na halikukosa sana vina. Lakini utamu wa neno si ukweli wake, nami naandika makala haya kulipinga.

Kwanza tuwekane sawa juu ya nani anayezungumziwa. Simzungumzii mvuvi akiwa kazini, ambaye ana kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, wala nahodha wa jahazi la mizigo, ambaye ana leseni na tajiri wake. Namzungumzia mtu anayetweka tanga kwa sababu moyo wake unataka. Mtu huyo ana sura nyingi. Ni mwalimu wa Mombasa mwenye kidau chake katika hori la Tudor. Ni fundi wa Matondoni anayeunda mashua ya mbio tu, isiyofaa kwa samaki wala kwa chokaa. Ni kijana wa Shela ambaye siku sita hubeba mizigo gatini na siku ya saba hushika demani ya tanga. Hata mvuvi yule yule ni mmoja wao, siku anapoziacha nyavu nyumbani na kuingia mashindanoni kwa ajili ya sifa ya mtaa wake. Kiswahili hakijampa mtu huyu jina, na pengine ndiyo sababu hajijui kuwa ni kundi. Hapa nitamwita baharia wa mapenzi.

Hoja za wanaokataa kujiunga ni tatu, na si za kipuuzi, tusizidharau. Ya kwanza yasema kwamba ada ya chama hainunui kitu: mtu hulipa kila mwaka, akapewa kadi, kadi ikakaa sandukuni. Ya pili yasema kwamba bahari haina mlango. Anayetaka kusafiri husafiri, na hakuna chama kinachoweza kumpa ruhusa wala kumnyima. Ya tatu, nayo ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi, yasema kwamba chama hicho si chetu: ni cha mashua za faiba, cha klabu zenye geti na askari, cha watu wanaosemezana Kiingereza. Nitazichukua moja moja, kwa mpango huo huo.

Tuanze na ada. Ni kweli kwamba anayepima chama kwa bei ya vitu atakavyopewa mkononi, mara nyingi atajiona amepunjwa. Tazama chama kilicho kikubwa na kikongwe kuliko vingi, kile cha Uingereza kiitwacho Royal Yachting Association. Kilianzishwa mwaka 1875, wakati ambapo kila klabu ilikuwa na kanuni zake za mbio, na washindani wakitoka bandari moja kwenda nyingine walikuta sheria nyingine. Leo kina wanachama zaidi ya laki moja. Ukimuuliza mwanachama wa kawaida anapata nini, atakutajia punguzo la bei hapa na pale, na cheti cha kimataifa cha umahiri wa kuendesha chombo, ambacho mwanachama hupewa bila malipo na asiye mwanachama hukilipia. Kwa mtu asiyepeleka chombo chake ng'ambo, cheti hicho hakina kazi. Hapo atasema: kumbe nimelipa bure.

Lakini tazama jambo ambalo halimo katika orodha ya zawadi. Mpaka leo Muingereza anayesafiri kwa chombo chake kidogo cha starehe katika bahari ya kwao halazimishwi na sheria kuwa na leseni ya unahodha. Katika nchi kadhaa za jirani mambo si hivyo; Ujerumani, kwa mfano, humtaka mtu awe na leseni akishafunga injini yenye nguvu zaidi ya farasi 15. Hali hiyo ya Uingereza haikudumu kwa bahati tu. Kwa miaka mingi chama chao kimeshika msimamo mmoja mbele ya serikali: mfundishe baharia, usimfunge. Kimejenga utaratibu wa mafunzo ili kionyeshe kwamba elimu yaweza kufanya kazi ambayo sheria ingefanya kwa nguvu. Sasa, uhuru huo anaufaidi nani? Anaufaidi mwanachama, na anaufaidi vile vile yule aliyekataa kulipa ada na kusema kwamba chama hakimsaidii. Huyu wa pili anakula wali wa harusi ambayo hakuichangia, kisha analalamika kuwa hakualikwa.

Hii ndiyo siri ya ada. Hainunui kitu cha mtu mmoja. Hununua sauti, na sauti haigawiki vipande vipande ili kila mtu aende na chake nyumbani. Kwa hiyo anayesema "ada hainunui kitu" huwa ameuliza swali la dukani mahali pa swali la mji. Hakuna mtu anayeuliza amepata nini binafsi kwa kuchangia kisima cha msikiti. Maji yanapatikana, basi. Na siku yasipopatikana, kila mtu hujua nani alichanga na nani alikunja mkono.

Nije kwenye hoja ya pili, kwamba bahari haina mlango. Hii ndiyo hoja inayopendwa na washairi, nami naiheshimu kwa ajili yao. Ingekuwa kweli miaka mia mbili iliyopita. Lakini sisi wa visiwa hivi ndio watu wa mwisho katika pwani hii kustahili kuisema, maana tumeiona milango ikijengwa mbele ya macho yetu, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na tangu hapo chombo kidogo nacho kina mwenye kukikagua. Ni jambo jema. Waliozama kwa kukosa jaketi la kujiokolea wanatosha. Mwaka 2011, baada ya utekaji wa wageni Kiwayu na Manda, ilitoka amri ya usalama, na kwa miaka wavuvi wa Lamu wakazuiwa kuvua usiku. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa katika ghuba ya Manda, baada ya miaka ya kuchimba na kufukia. Sheria, amri na bandari: hiyo ni milango mitatu katika miaka kumi na mitano, na kila mmoja una mwenye ufunguo. Basi tusiambiane kwamba bahari haina mlango. Swali ni nani anayeitwa wakati mlango unapowekwa.

Hapo tuna somo ambalo halikutoka ng'ambo. Mwaka 2012 wakazi wa Lamu, wakiongozwa na Mohamed Ali Baadi na wenzake, waliifikisha serikali mahakamani kwa ajili ya bandari hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kushirikishwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yalikawia, na njiani palikuwa na rufaa na mapatano. Hiyo ni hadithi nyingine. Linalotuhusu hapa ni neno moja katika hukumu: wavuvi. Wavuvi walihesabika. Walikuwa na vikundi, walikuwa na orodha, palikuwa na watu wa kuita majina yao. Baharia wa mapenzi, ambaye baba na babu yake walishindania maji yale yale kwa tanga, hakutajwa popote. Si kwamba mahakama ilimdharau. Hakuwako. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Nasikia mtu akisema kwamba baharia wa mapenzi hakupoteza riziki, alipoteza mchezo tu; fidia ya nini? Mwenye kusema hivyo amekwisha kukubali kwamba mchezo si kitu. Mimi sikubali, wala sidhani kwamba msomaji wa jarida la ushairi anaweza kukubali, kwani kama lisiloleta samaki si kitu, basi na utenzi si kitu. Na hata tukiacha fidia, kuna mambo madogo ya kila mwaka: mbio zipite njia gani meli zinapoingia, tanga lipishwe wapi, chombo cha mashindano kikaguliwe kwa kipimo gani. Katiba ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya utawala, na kila kanuni mpya inapoandaliwa, wadau huitwa watoe maoni. Lakini barua ya wito huandikiwa anwani. Haiandikiwi baraza, wala haiandikiwi upepo.

Mfikirie mwandishi wa kanuni aliyeketi ofisini. Anaposema "mashua ndogo", akilini mwake huiona mashua ya injini yenye abiria wanane na paa la turubali. Hajui kwamba mashua ya mbio ya Lamu hubeba magunia ya mchanga yanayohamishwa upande wa joshi kila chombo kinapogeuka, wala kwamba mabaharia wake huketi nje ya chombo, juu ya ubao uliotokeza ubavuni, migongo yao ikigusa povu. Kwa kipimo cha mashua ya abiria, huo ni wazimu. Kwa kipimo cha mbio, huo ndio ufundi wenyewe. Ni nani atakayemweleza? Mvuvi ana habari zake, mwenye hoteli ana zake, na nahodha wa mizigo ana zake. Asipokuwako mtu wa mbio, kanuni itatoka bila mbio ndani yake, na siku moja ofisa atakuja gatini kutekeleza alichoandikiwa. Tutamtukana yeye, na kosa litakuwa letu.

Sasa hoja ya tatu, ile yenye uchungu. Chama si chetu.

Tuseme kweli: haikosi msingi. Mchezo huu, kama unavyoendeshwa duniani, ulizaliwa katika klabu za mabwana wa Ulaya. Shirika lao la dunia, ambalo tangu mwaka 2015 huitwa World Sailing, lilianzishwa Paris mwaka 1907, na kwa miongo mingi lilikuwa mkutano wa wafalme na matajiri. Ulipofika kwetu, ulifika katika mikoba ya wakoloni, pamoja na bendera na majengo yao ya pwani. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, Kenya ilikuwa na mashua katika mbio za Olimpiki ya Roma, mbio ambazo zilifanyika Naples; walioiendesha walikuwa Wazungu waliokuwa wakiishi hapa, si wana wa Faza wala wa Kizingitini. Mtu akiniambia kwamba historia hiyo bado inanukia katika baadhi ya kumbi, sitambishia.

Lakini kutokana na ukweli huo watu hutoa hitimisho lisilofuata. Wanasema: chama si chetu, kwa hiyo tukae nje. Mimi nasema: chama kimebeba jina la nchi yetu, na hivyo kukaa nje ni kuwaachia wengine jina letu walitumie. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 haikuvifanya vyama vya michezo kuwa mali ya ukoo. Imetaka visajiliwe kwa msajili, ikatambua ngazi ya klabu, ya kaunti na ya taifa, na ikaunda baraza la kuamua migogoro ya michezo. Maana yake ni kwamba Shela yaweza kuwa na klabu, Matondoni yaweza kuwa na klabu, Pate, Faza na Kizingitini vile vile, zikakutana katika chama cha kaunti na kugonga mlango wa taifa zikiwa na karatasi mkononi. Mgonga mlango mwenye karatasi hafukuzwi kwa urahisi. Na akifukuzwa, anayo mahali pa kushtakia. Anayenuna pwani hafukuzwi na mtu, na wala hahitaji kufukuzwa, kwa kuwa hakuja.

Wako wanaohofu kwamba tukiingia tutamezwa: leo kadi, kesho tutaambiwa tuache tanga la pembe tatu tununue mashua za faiba, ndizo ziko katika orodha ya mbio za dunia. Hofu hiyo ijibiwe kwa mifano ya watu wa visiwa kama sisi.

Katika visiwa vya Bahamas, vyombo vya kazi vya tanga vilikuwa karibu kushindwa na injini. Mwaka 1954 yakaanzishwa mashindano katika bandari ya George Town, kisiwani Exuma, ya vyombo vile vile vya kazi. Watu wakajipanga, wakaandika kanuni zao: umbo la chombo liwe hili, mti uwe mti, tanga liwe la kitambaa, ukubwa ugawanywe kwa madaraja. Vyombo vingi vinavyoshindana huko leo havijawahi kubeba samaki; vimeundwa kwa mbio tu, na mafundi wake wana kazi. Na mabaharia wake wanapotaka kukituliza chombo huketi juu ya ubao uliotokeza upande wa joshi. Mtu wa Lamu akiona picha zao atadhani ni binamu zake.

Martinique ni mfano wa pili. Huko kuna chombo chembamba kiitwacho yole, kilichotokana na mashua za wavuvi, na vijana hukituliza kwa kujinyoosha juu ya miti inayotoka ubavuni. Nacho kilikaribia kutoweka. Wenyeji waliunda klabu, klabu zikaunda shirikisho lao, na shirikisho likaweka mbio za kukizunguka kisiwa kizima kila mwaka. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika daftari lake la mifano bora ya kuhifadhi urithi. Angalia vizuri kilichosifiwa. Hakikusifiwa chombo peke yake. Ilisifiwa namna watu walivyojipanga kukiokoa. Mji wetu wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa nyumba zake na mitaa yake. Vyombo vilivyowaleta watu waliojenga nyumba hizo bado vinangoja mtu wa kuwajazia fomu.

Wengine wataniambia kwamba kule Dubai majahazi ya mbio yanastawi bila chama cha wanyonge, na ni kweli: tangu mwaka 1991 majahazi ya futi sitini hushindana kutoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi Dubai, na zawadi zake hutajwa mpaka kwetu. Lakini mchezo ule umesimama juu ya ukarimu wa watawala wenye mafuta. Sisi hatuna mafuta, na sijui ni nani anayetaka mchezo wake udumu kwa muda ule ule ambao mkubwa fulani ataendelea kuupenda. Tumeshaonja kidogo ya hayo: mgeni hufadhili zawadi miaka mitatu, akihama na mbio zimehama.

Na kwa anayedhani kwamba milango ya dunia haiwafungukii watu wa pwani hii, atazame kusini. Msumbiji ni nchi ya ngalawa na madau kama sisi. Bahari yao ni hii hii. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Msumbiji ilipeleka wasichana watatu katika mbio za tanga: Deizy Nhaquile peke yake katika chombo chake, na Denise Parruque na Maria Machava katika chombo cha watu wawili. Hawakushinda medali. Lakini walikuwako, na hawakufika kwa kuogelea. Kila nchi hupeleka watu kule kupitia chama cha taifa, na hakuna njia nyingine. Wasichana wa Lamu na Mombasa wanaojua kusoma upepo wako. Wanachokosa ni mtu wa kuandika majina yao.

Hapa nataka kusema na wapenzi wa ushairi hasa, ambao huenda wameanza kujiuliza mambo ya ada na klabu yanawahusu nini.

Washairi wa mwambao, tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mvita na kabla yake, wamesema kwa lugha ya chombo. Walipotaka kutaja mtu aliyesimama imara, walikuwa na mlingoti. Walipotaka kutaja mambo yaliyogeuka, walikuwa na kusi na kaskazi. Aliyekwenda kinyume cha matakwa ya wakubwa alibisha, na neno hilo la mdomoni na lile la chomboni yalikuwa karibu kiasi cha kuchezeana. Lugha hiyo ilieleweka kwa sababu msikilizaji alikuwa ameishika kamba mwenyewe. Leo, katika darasa la shule ya sekondari, mwalimu hulazimika kueleza joshi ni nini na demani ni nini, foromali ni kipande gani cha chombo na farumi huwekwa wapi. Shairi linalohitaji maelezo kila mstari huwa limeanza kuzeeka, na mtunzi hana kosa. Waliopotea ni mabaharia.

Maneno haya yamehifadhiwa vizuri wapi? Mahali pamoja ni kitabu cha Mholanzi, A. H. J. Prins, kilichotoka mwaka 1965, chenye jina la Kiingereza na habari za vyombo vya Lamu. Tumshukuru. Lakini neno lililohifadhiwa kitabuni ni kama papa aliyekaushwa: hulika, hatembei. Neno huishi linapofanya kazi, na kazi iliyobaki kwa maneno ya tanga, sasa kwa kuwa mizigo mingi imehamia kwenye injini na malori, ni mchezo. Mbio zina kanuni. Kanuni zina lugha. Na kanuni za mbio za dunia, ambazo hupitiwa upya kila miaka minne, maandishi yake rasmi ni ya Kiingereza.

Je, Kiswahili hakiziwezi? Chukua sharti la kupishana, ambalo ni moja katika kanuni za mbio na katika kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972. Kwa lugha yetu litasema hivi: vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, na kila kimoja kinapata upepo kwa ubavu wake tofauti, kinachoupata kwa ubavu wa kushoto kipishe, vikiupata kwa ubavu mmoja, kilicho joshi kipishe kilicho demani. Ni nini kilichopungua hapo? Sharti la pili lina maneno machache kuliko la Kiingereza, na mtoto wa Kizingitini atalielewa kabla hujamaliza kulisoma. Lakini tafsiri ya mtu mmoja, hata ikiwa nzuri vipi, ni maandishi ya mtu mmoja. Kinachoweza kuifanya kuwa kanuni, ikashikwa na mwamuzi na kuamulia ugomvi wa gatini, ni chama. Na chama kitaitaka siku ambayo wanachama wasiojua kanuni ila kwa Kiswahili watakuwa wengi katika mkutano wake, si kabla ya hapo.

Kwa hiyo, pamoja na kuwataka mabaharia wa mapenzi wajiunge, sisemi waingie wakiwa wameinamisha vichwa. Waingie na madai, na madai yawe wazi. Kwanza, chama kiwe na kitengo cha vyombo vya jadi, yaani mashua, ngalawa na madau, chenye kura sawa na vingine. Pili, kanuni za mbio na mafunzo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili, na maneno ya chombo yachukuliwe kwa mabaharia, yasitungwe mezani. Tatu, ada ilipwe kwa chombo au kwa klabu ya kijiji, kwa sababu mashua moja ya mbio ina watu wengi na mifuko myepesi, tofauti na mashua ya mtu mmoja au wawili. Nne, mikutano isifanyike daima mahali pamoja. Pwani ni ndefu.

Najua kuna watakaosema: chama kitimize hayo kwanza, kisha tutaingia. Hapo ndipo tunapokosana kabisa. Huwezi kudai kura katika mkutano ambao hukulipia kiti. Madai ya mtu wa nje huitwa maombi; hujibiwa kwa barua ya heshima, kisha hufungiwa katika faili. Madai ya mwanachama huandikwa katika ajenda, na lisipojibiwa mwaka huu hurudi mwaka ujao. Tena tuhesabu: mbio moja tu ya Lamu huweka majini watu wengi kuliko wanaohitajika kubadili uongozi wa vyama vingi vya michezo midogo. Wingi tunao. Tunaukalia.

Na wale waliomo chamani tayari nao wana neno lao la kuambiwa. Nchi iliyo na mabaharia wa tanga kwa mamia, ikaonekana katika daftari zake kuwa na mchezo wa watu wachache wa klabu, inajidanganya mbele ya dunia. Msingoje tuje, nyinyi pia mna miguu. Mleteni mwamuzi Shela, mleteni mkufunzi Matondoni, nanyi mfunzwe huku namna ya kukipeleka chombo joshi kwa magunia ya mchanga. Chama kisichojua jambo hilo katika nchi hii kina elimu pungufu.

Anayekataa bado ana swali moja la kujibu: mtepe uko wapi? Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za kumbi, chenye tanga la ukili, kilichokuwa fahari ya Wabajuni, leo tunakijua kwa mifano iliyomo makumbusho. Hakuna aliyeamua kukiua. Mashua za misumari zilikuja, wenye mitepe wakafa mmoja mmoja, na hapakuwa na kikundi cha watu ambao kazi yao ilikuwa kusema kwamba angalau mmoja uendelee kuelea. Mashua ya mbio ina bahati ambayo mtepe haukuwa nayo: sheria ipo, mifano ya Exuma na Martinique ipo, na chama kipo, hata kama kina kasoro zake.

Kabla ya mbio zijazo, basi, kila mtaa uandike majina ya mabaharia wake, uchague mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na upeleke karatasi zake kwa msajili wa michezo. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na kalamu zipo.